Bomba Jipya katika Gari la Zamani

Bomba la moshi ni kiungo cha gari kifacho mapema. Lita moja ya petroli inapoungua huzaa takriban lita moja ya maji, nayo hutoka yakiwa mvuke. Gari liendalo safari ndefu hupata joto la kuufukuza mvuke wote. Lakini lile litolewalo bandani mara moja kwa juma, likarudishwa baada ya nusu saa, hubakiza maji ndani ya sailensa. Maji hayo huchanganyika na tindikali ya moshi, yakala chuma kutoka ndani hali nje rangi ingali nzuri. Kwa hiyo magari ya michezo ya zamani, yapendwayo sana na kuendeshwa kidogo, huozeshwa na kule kutunzwa kwake.

Na achukuliwe kwa mfano mtu wa Uingereza aliyerithi kwa baba yake gari aina ya MGB, mojawapo ya yale yaliyoundwa Abingdon tangu mwaka 1962 mpaka 1980. Magari hayo yalizidi nusu milioni. Kwa hiyo thamani ya hili kwa mrithi haimo katika uadimu wake. Bomba limetoboka. Ameliinua gari kwa jeki, ametia mafuta katika nati zilizoshikwa na kutu, amengoja usiku kucha, na asubuhi nati moja imekatika pamoja na bolti yake. (Fundi gani asiyeijua asubuhi hiyo?) Mabomba mawili yanauzwa. Moja ni la chuma cha kawaida, mfano wa lile la kiwandani, nalo litaoza kama lilivyooza la kwanza. Jingine ni la chuma kisichoshika kutu, ambalo huenda likaishi kuliko yeye mwenyewe. Lipi ni haki ya gari hili?

Swali hili lina ukoo mkongwe. Plutarch alieleza jinsi Waathene walivyoihifadhi merikebu ya Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ni ile ile au siyo. Mkulima angeushangaa ubishi huo: hutia mpini mpya, na jembe likabaki lile lile la mwaka jana. Lakini mkulima haliuzi jembe kwa bei ya sifa zake.

Magari huuzwa hivyo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya London iliamua shauri juu ya Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930. Bei iliyopatanwa ilikuwa pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa, akisema kuwa hilo silo gari alilouziwa. Jaji Otton alikiri kwamba vyuma vilivyoshindana Le Mans vilikuwa vimebaki vichache mno. Hata hivyo aliliachia gari jina lake, kwa kuwa historia yake haikukatika, wala hapakuwa na gari jingine liwezalo kulidai jina hilo.

Hukumu hiyo ni ya busara, ila haimfai sana mtu aliyelala chini ya MGB na spana mkononi. Hakuna anayelidai jina la gari lake. Bomba, kama matairi, liliwekwa likitarajiwa kufa. Kiwanda chenyewe kiliuza mengine ya badala. Akitia lolote kati ya hayo mawili, gari ni lile lile, na akimwonyesha mnunuzi wa kesho risiti yake, hakuna aliyedanganywa.

Wako washikao chuma cha kawaida kwa kuwa kiwanda kilikitumia, nao huonekana wajinga, kana kwamba wanauhifadhi hata ugonjwa. Si wajinga wote. Wengi waliobadilisha husema kuwa chuma kisichoshika kutu huufanya mlio uwe mkali zaidi, wenye mwangwi wa kengele. Sasa, yule mrithi ana mama mzee. Miaka mingi mama huyo aliusikia mlio wa gari likikata kona, akateleka maji ya chai kabla mumewe hajazima injini. Jambo hilo halimo katika hati yoyote, wala jaji hangeliulizia. Lakini kati ya vitu vyote vya marehemu vilivyobaki, pengine mlio huo ndio pekee uingiao nyumbani bila kubebwa na mtu.

Basi sifa ya kudumu, iliyo na nguvu nyingi dukani, hupungua uzito hapa. Bomba lioze tena baada ya miaka michache. Mama huyo hana haja ya bomba la miaka hamsini.

Mrithi hukaza nati ya mwisho, hulishusha gari, huwasha injini. Mafuta ya kiwandani yaliyopakwa juu ya bomba jipya huungua, yakitoa moshi mweupe. Hulitoa gari nje, huenda nalo mpaka mwisho wa barabara, kisha huligeuza na kurudi polepole, akilitazama dirisha la jikoni.