Kalamu Kwanza, Msimbo Baadaye

Mwenye duka la agroveti hapa Ekero anayetaka tovuti asubuhi hii, na aanze na kalamu. Wateja humuuliza nini kila siku? Bei ya mbegu, kama dawa ya ng'ombe ipo, kama hufungua Jumapili. Hayo yakae juu kabisa ya ukurasa. Historia ya duka ishuke chini.

Kwa kuanza na swali namna hii, Wakenya wana mfano wa kujivunia. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh na wenzake, akiwemo mtaalamu wa programu David Kobia, waliunda tovuti ya Ushahidi kwa haraka ya ajabu. Mpango wake ulikuwa mwepesi: nini kimetokea, na wapi? Taarifa ziliingia kwa SMS na intaneti, zikawekwa kwenye ramani. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kilichoibeba ni swali lililo wazi, si mapambo.

Kuandika msimbo, yaani maagizo ya tovuti, nako hakudai mashine ya bei ghali. Programu ya Notepad inatosha. Anayeanza huandika h1, alama ya kichwa cha ukurasa, ndani ya mabano ya pembe, kisha jina la duka, kisha h1 tena ndani ya mabano yale yale, safari hii ikitanguliwa na mkwaju. Anahifadhi faili kwa jina index.html na kuifungua kwenye kivinjari, bila bando lolote, na jina linatokea kwa herufi nene.

Akisahau ule mkwaju, maandishi yote yanayofuata yananenepa. Anarudi, anasahihisha, anafungua upya. Rangi zitasubiri CSS, lugha ya kupamba ukurasa. Namba ya simu ya duka isisubiri.