Je, Mwanafunzi Hurithi na Kosa la Mwalimu?

Wahenga walituachia methali isemayo: fuata nyuki ule asali. Tunaifundisha mwaka hadi mwaka, na wanafunzi huieleza vizuri katika mitihani. Lakini nyuki ana mwiba pia, na methali haikusema anayemfuata afanye nini na mwiba huo. Swali hili latuhusu sisi walimu kuliko watu wengi. Mwanafunzi anapompenda mwalimu wake huchukua hata yale ambayo mwalimu hakukusudia kumpa: mwandiko, mwendo, namna ya kukohoa kabla ya kusema. Mwalimu atamkaye "karamu" akikusudia "kalamu" atawaachia wanafunzi matamshi hayo kwa uaminifu zaidi kuliko ngeli zote alizowafundisha. Hayo ni madogo. Kosa likiwa kubwa, likiwa ni la kuua, lawama iwe ya nani? Ya aliyelitenda mbele ya vijana, au ya kijana aliyeliiga ilhali amekatazwa?

Tumechagua kulipima swali hili kwa habari za watu walio mbali nasi, wanamuziki wa jazi wa Marekani wa miaka ya 1940 na 1950, kwa kuwa kwao jambo hili lilitokea waziwazi, na majina na tarehe zake zinajulikana.

Charlie Parker alizaliwa mwaka 1920 huko Kansas City. Chombo chake kilikuwa saksafoni. Pamoja na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na wenzao wa New York, alijenga mtindo ulioitwa bibopu. Kabla yake jazi iliyovuma ilikuwa ya bendi kubwa, ya kuchezea dansi. Bibopu ilipigwa na watu wanne au watano, mara nyingi kwa kasi ya kutisha, na mpigaji alitunga papo hapo juu ya mfuatano wa sauti unaoubeba wimbo wa zamani, mpaka wimbo wenyewe usitambulike. "Ko-Ko", aliyoirekodi Novemba 1945, imejengwa hivyo juu ya wimbo uitwao "Cherokee". Msomaji aliyezoea mashairi ya kujibizana hatashangaa: vina na mizani umevikuta kwa mwenzako, maneno ni yako. Tofauti ni kwamba hawa hawakupewa hata dakika moja ya kufikiri.

Vijana walizisikiliza sahani za Parker wakazirudia kipande kwa kipande. Waliiga pia yasiyo na madhara, kama kofia ya bereti, miwani ya fremu nene na ndevu za kidevuni alizokuwa nazo Gillespie. Kisha wengine wakaiga sindano. Tangu ujana wake Parker alikuwa mtumwa wa heroini. Yafaa tuwe waadilifu hapa: baada ya vita dawa hiyo ilienea sana mitaani Harlem, na wengi wangeanguka hata kama Parker asingezaliwa. Hata hivyo, wamo waliokiri baadaye, kama Red Rodney aliyepiga tarumbeta katika bendi yake, kwamba walidhani siri ya muziki ule imo ndani ya sindano.

Parker mwenyewe hakusema hivyo kamwe. Mwaka 1949 aliliambia gazeti la Down Beat kwamba mwanamuziki adaiye kupiga vizuri zaidi akiwa amelewa, kwa kileo cho chote, ni mwongo. Naye alikuwa na sababu ya kujua. Julai 1946, mjini Los Angeles, aliingia studio akiwa amekosa heroini na ameijazia nafasi yake kwa pombe. Alipopiga "Lover Man" pumzi ilikatika, sauti ikayumba. Usiku ule ule alikamatwa, akapelekwa katika hospitali ya Camarillo alikokaa karibu nusu mwaka. Kampuni iliiuza sahani ile, na Parker alikasirika sana. Basi ulimi wa mwalimu ulikataza; maisha yake yalifundisha somo jingine; na wanafunzi wakasoma maisha.

Je, ilikuwa lazima wayasome hivyo? Tumtazame Clifford Brown, mpiga tarumbeta wa Wilmington, Delaware, aliyezaliwa mwaka 1930. Aliyemfuata yeye alikuwa Fats Navarro, mpigaji mwenye sauti nene na safi, ambaye heroini na kifua kikuu vilimmaliza Julai 1950 akiwa na umri wa miaka 26. Ukisikiliza sahani zao utasikia jinsi Brown alivyoirithi sauti ile. Sindano hakuirithi. Waliofanya kazi naye walimsifu kwa upole, kwa bidii ya mazoezi na kwa maisha yake safi. Kwa hiyo hatukubali kwamba mwanafunzi ni udongo tu mikononi mwa mfinyanzi. Brown alikula asali akauacha mwiba, wala hakuna aliyemtenganishia.

Lakini si kila kijana ni Brown, na kisa kinachotushughulisha zaidi ni cha Sonny Rollins. Huyu alizaliwa New York mwaka 1930 pia, akapiga saksafoni ya tena, na Parker alikuwa kwake zaidi ya mwalimu. Alitumia heroini, akafungwa. Tarehe 30 Januari 1953 aliitwa kurekodi na Miles Davis, na Parker alikuwapo studio. Rollins alisimulia baadaye kwamba Parker alimwuliza kama ameiacha dawa, naye akajibu ameiacha. Ilikuwa uongo. Siku ile ile Parker akaambiwa ukweli, na Rollins akaiona huzuni usoni mwa mtu aliyemwiga. Akatambua kwamba mwalimu hakutaka kufuatwa huko, na kwamba kila kijana aliyeanguka kwa kumwiga alikuwa mzigo juu yake. Hatimaye Rollins alikwenda kutibiwa katika hospitali ya serikali huko Lexington, Kentucky. Alitumaini kutoka na kumwonyesha Parker kwamba amepona. Machi 1955, Rollins angali hospitalini, Parker akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34, na daktari aliyeutazama mwili wake aliukadiria kuwa wa mtu aliyepita 50.

Kuna wenzetu wasemao kwamba mwenye kosa hana haki ya kuonya, na mara hutupiwa ile methali ya nyani asiyeona kundule. Parker aliliona lake, na hapo ndipo lilipotoka onyo lenye nguvu kuliko mahubiri ya mtakatifu. Sheria iliwapiga wanamuziki hawa kwa ukali. Mjini New York hadi mwaka 1967 polisi waliweza kumnyima msanii kadi ya kufanyia kazi katika vilabu; Parker mwenyewe alinyang'anywa, na Thelonious Monk aliikosa kwa miaka. Adhabu hiyo iliwanyima mkate, na Rollins alikwisha kuonja hata gereza bila kubadilika. Kilichomgeuza ni uso wa mtu aliyempenda.

Onyo hata hivyo lilimfikisha nusu ya njia. Alipotoka Lexington alikaa Chicago akifanya kazi za mikono, akiogopa vilabu. Mwishoni mwa mwaka 1955 akaingia katika bendi ya Max Roach na Clifford Brown, na kwa maneno yake mwenyewe, ni Brown aliyemdhihirishia kwamba mtu aweza kuishi vyema na kuwa mwanamuziki mkubwa. Rika lake lilimkamilishia somo ambalo mwalimu alilianza. Tarehe 22 Juni 1956 alirekodi "Saxophone Colossus", moja ya kazi kuu za jazi. Siku nne baadaye Brown alikufa katika ajali ya gari huko Pennsylvania, akiwa na miaka 25.

Kwa maoni yetu, deni la mwalimu ni kuutaja mwiba pale pale anapoitoa asali. Parker alilipa sehemu ya deni hilo, kadiri mgonjwa awezavyo, na sehemu iliyobaki ni ya mwanafunzi mwenyewe. Tunaowalaumu zaidi ni wasimulizi, waliofanya ulevi wake kuwa pambo la kipaji, wakamwuza akiwa maiti kama mtu aliyeungua ili atoe mwanga. Na sisi tumo katika hatari hiyo. Tunapoeleza darasani maisha ya mshairi fulani tukagusia ulevi wake kwa tabasamu, darasa likacheka, tumekwisha kufundisha jambo ambalo halimo katika muhtasari.

Jackie McLean naye alikuwa mmoja wa vijana wa Harlem waliomfuata Parker katika saksafoni na katika heroini. Alipoteza kadi yake ya polisi, akateseka miaka mingi, akapona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Hartford, na mwaka 1970 yeye na mkewe Dollie wakashiriki kuanzisha mjini humo kituo cha sanaa kwa ajili ya watoto. Alifundisha karibu hadi mwisho wa maisha yake, mwaka 2006, wala hakuyaficha yaliyompata. Ipi nzito zaidi, sauti ya anayeonya akiwa angali motoni, au ya aliyetoka na makovu? Kwa Rollins ile ya kwanza ilitosha kumwamsha. Sisi, kama tungekuwa na mtoto wa kumpeleka kujifunza saksafoni, tungempeleka kwa McLean.