Kiapo cha Ndugu Watatu, na Deni la Raia

Je, mtu aliyepewa kuongoza wengi ana haki ya kulipiza kisasi cha ndugu yake kwa nguvu za wale anaowaongoza? Swali hili ni la zamani sana, lakini siku hizi linatuingilia nyumbani kwa njia ya filme za vita za Wachina. Wengi wameangalia ile filme ya John Woo ya mwaka 2008 na 2009, inayojulikana kwa Kifaransa kama Les Trois Royaumes. Wengine wamefuata seri ndefu za televizyo ya China, ile ya 1994 yenye vipande 84, ao ile ya 2010 yenye vipande 95. Watoto wanashika farasi, mikuki na moto juu ya maji. Hatuwakatazi. Lakini ndani ya vita ile kuko mafundisho, na si yote ya kumeza bila kutafuna.

Hadithi yenyewe haikuzaliwa na kamera. Inatoka katika Hadithi ya Falme Tatu, kitabu kinachohesabiwa kuwa cha Luo Guanzhong, mwandishi wa karne ya 14. Kinasimulia namna ufalme wa Han ulivyovunjika tangu maasi ya mwaka 184, ukagawanyika katika falme tatu, yaani Wei, Shu na Wu, mpaka inchi ikaungana tena mwaka 280. Zaidi ya miaka elfu moja mbele ya kitabu hiki, katika karne ya 3, Chen Shou alikuwa amekwisha kuandika historia ya watu wale wale. Kwa hiyo mambo mengine tunayoyaona katika filme ni historia, na mengine yaliongezwa na wasimulizi. Lakini hata maneno ya kuongezwa yanatuonyesha jambo ambalo watu walitaka kufikiri juu yake.

Kitabu kinaanza na watu watatu katika shamba la miti ya matunda. Liu Bei anauza viatu na mikeka. Zhang Fei anauza nyama na pombe. Guan Yu ni mkimbizi, aliua mtu mwenye kuonea wengine kijijini kwao. Hawakuzaliwa tumbo moja, lakini wanaapa kuwa ndugu na kutaka kufa siku moja. Liu Bei ndiye yaya, Guan Yu wa pili, Zhang Fei mdogo wao. Chen Shou hataji shamba wala kiapo. Anasema tu kwamba watatu hawa walilala kitanda kimoja na kupendana kama ndugu.

Sisi hatuhitaji mkalimani kwa kuelewa jambo hili. Katika sehemu nyingi za Kongo, wazee wetu walichanjana. Kila mmoja alionja damu ya mwenzake, na tangu siku ile walikuwa ndugu. Undugu ule ulikuwa na kazi yake: mtu aliyekuwa mgeni aliweza kupita katika kijiji cha wengine na bidhaa zake, akapewa chakula na pa kulala, wala hakuna wa kumgusa. Kiapo cha damu kilifungua njia. Basi mwenye kusema kwamba undugu wa kiapo ni upuuzi, huyo hajui desturi ya Wachina wala ya kwetu.

Tena, Liu Bei wa mwanzo ni mtu wa kupendwa. Katika mwaka 208, Cao Cao, mkubwa wa kaskazini, alimfuata na jeshi la farasi lenye mbio. Raia zaidi ya laki moja walikuwa wakimfuata Liu Bei na mizigo yao, na kwa siku moja hawakuweza kutembea kilometa nyingi. Washauri walimwambia awaache, akimbie peke yake. Alikataa, kwa sababu aliona kwamba watu ndio msingi wa kazi yake. Jambo hili Chen Shou analiandika. Si uongo wa filme. Mwaka ule ule, Liu Bei alipatana na Sun Quan, mkubwa wa kusini-mashariki, na majeshi yao wawili wakashinda merikebu za Cao Cao kwa moto pale Chibi, katika mto Yangtze. Ndiyo vita kubwa ambayo John Woo anatuonyesha.

Lakini baada ya ushindi ule, kitabu kinaweka jambo dogo ambalo wengi wanalipita haraka. Cao Cao anakimbia, na Guan Yu anangojea njiani kwa kumkamata. Guan Yu ameandika na mkono wake kwamba akimwachilia, yeye mwenyewe auawe. Cao Cao anafika, amechoka, anamkumbusha wema aliomtendea zamani. Guan Yu anamwachilia. Zhuge Liang, mshauri mkubwa, anataka sheria itimizwe. Ndipo Liu Bei anasimama: huyu ni ndugu yangu, tuliapa kufa pamoja. Sheria inaanguka. Historia haisemi kwamba Guan Yu alimwachilia Cao Cao. Wasimulizi ndio waliongeza. Na mimi naona waliongeza kwa akili, maana wanatuonyesha mlango mdogo ambao ubaya mkubwa utapitia.

Mlango ule unafunguka kabisa mwisho wa mwaka 219. Sun Quan, aliyekuwa rafiki, anashika jimbo ambalo Guan Yu alilinda, na Guan Yu anauawa. Mwaka 220, mtoto wa Cao Cao anaondoa mfalme wa mwisho wa Han na kukaa mahali pake. Mwaka 221, Liu Bei anajitangaza mfalme pale Chengdu. Kazi yote ya maisha yake ilikuwa kurudisha Han, na adui wa Han yuko kaskazini, anajulikana. Yeye anageuza jeshi kusini-mashariki, kwa kisasi cha Guan Yu.

Zhao Yun anamkataza. Huyu ni yule komanda aliyeokoa mtoto mchanga wa Liu Bei kati ya maadui, kwa hiyo hakuna wa kumwita mwoga. Katika kitabu anapambanua vizuri: chuki juu ya mwenye kuiba ufalme ni ya inchi yote, chuki juu ya muuaji wa ndugu ni ya mtu mmoja. Liu Bei anajibu kwamba bila kulipiza ndugu, hata milima na mito yote ya inchi haina bei kwake. Sun Quan anatafuta mapatano, anakatalia.

Hapa vijana wetu wanapiga makofi. Nimewasikia mara nyingi: "Ule ndiye mwanaume! Bamemuua ndugu yake, aikale tu vile?" Wana hoja, tusiwacheke. Mkubwa anayesahau wafu wake haraka, nani atamfuata? Na kama Liu Bei angepima undugu kwa faida, kiapo chake kingekuwa maneno ya sokoni.

Lakini tuendelee kuangalia, maana filme haijaisha. Zhang Fei, mwenye uchungu mwingi, anaagiza nguo na bendera nyeupe za kilio kwa jeshi lote katika siku tatu tu. Wakubwa wawili wa chini yake wanaomba waongezewe siku. Anaamuru wapigwe viboko. Usiku wanamuua na kukimbilia Sun Quan. Nguo zile ni za kitabu, lakini kuuawa kwake mwaka 221 na watu wake mwenyewe ni historia, na vilevile kwamba Liu Bei alikuwa amemwonya juu ya kupiga waaskari. Kisha mwaka 222, pale Yiling, wakati wa joto, kambi za Liu Bei zilikuwa zimepangwa mbali-mbali katika misitu. Lu Xun, komanda wa Wu, alingojea kwa uvumilivu, halafu akatia moto. Zaidi ya kambi arobaini zilivunjwa. Liu Bei alikimbia na kufa mwaka 223 katika mji wa Baidicheng. Ufalme wake ulianguka mwaka 263.

Basi jibu langu ni hili. Guan Yu alikuwa na ndugu wawili. Kila askari aliyeungua pale Yiling alikuwa pia na ndugu, na mama, na pengine bibi na watoto. Kisasi cha hao kilipizwe na nani, na juu ya nani? Kama Liu Bei angebeba panga lake na kwenda mwenyewe, tungemwita ndugu mwaminifu. Alikwenda na watoto wa wengine. Uaminifu ulikuwa wake, lakini malipo yalitoka kwa watu ambao hawakuwa pale shambani siku ya kiapo.

Tena kuko neno moja ambalo wengi wanalisahau. Katika kitabu, kiapo cha ndugu watatu hakikuwa na upande mmoja. Waliapa kupendana, na waliapa pia kutumikia inchi na kutuliza raia. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba Liu Bei alichagua kiapo na kuacha siasa. Alishika nusu ya kiapo, akavunja nusu nyingine.

Kitabu hakituachi bila mfano wa njia nyingine. Mwaka 228, Ma Su, ambaye Zhuge Liang alimpenda na kumwamini, alikataa maagizo pale Jieting, na jeshi likashindwa. Zhuge Liang alimhukumu kufa, na alilia. Kisha akaomba yeye mwenyewe ashushwe cheo, kwa kuwa ndiye aliyemchagua. Wengine watasema alikuwa na moyo wa jiwe. Mwenye moyo wa jiwe halii. Alimpenda mtu wake, lakini hakulipa upendo ule na mali ya wengine.

Na sisi tuko na wimbo wetu wa vita. Wanyanga wa Walikale wanaimba juu ya Mwindo. Msimulizi Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliutoa katika kitabu mwaka 1969. Shemwindo, baba mzazi, alitaka kuua mtoto wake. Mwindo alimfuata mpaka chini ya udongo. Alipomshika, hakumuua. Alimrudisha kijijini Tubondo, akafufua watu waliokufa katika vita ile, halafu baba akakiri kosa mbele ya mkutano, na wakagawana utawala. Yeye pia alikuwa na sababu ya kisasi kushinda Liu Bei.

Katika inchi yetu, tangu vita za 1996 na 1998, tumesikia watu wengi wakishika silaha kwa jina la ndugu zao. Tumeona pia mkubwa anayefunika kosa la kazi kwa sababu mwenye kosa ni wa kwao. Hakuna anayesema "napenda ubaya". Kila mmoja anasema "ni ndugu yangu". Neno ni zuri, ndiyo maana linadanganya vizuri.

Watoto waendelee kuangalia filme hizi, na sisi tukae nao. Tusiwafundishe kudharau undugu, maana mtu asiye na ndugu ni mti bila mizizi. Lakini Liu Bei akiinua panga na muziki ukipanda, tuwaulize kwa upole: wale waaskari wa nyuma kabisa, ambao kamera haioni nyuso zao, wao waliapa lini?