Simu ya mkopo: mali ni ya nani?

ZAMANI kidogo, vijana wa darsa letu la baada ya swala ya Magharibi walipouliza habari ya riba, walikuwa wakiuliza juu ya benki. Siku hizi wanauliza juu ya simu. Wiki chache zilizopita alisimama kijana mmoja mwendesha bodaboda, akainua simu yake kila mtu aione, akasema: "Ustadhi, hii nimeichukua kwa kianzio, rejesho ni kila siku. Nikipitisha siku bila kulipa inajifunga yenyewe. Naomba unifahamishe, hii simu ni yangu au si yangu? Na je, hapa nimeingia kwenye riba?"

Ndugu msomaji, hayo ni maswali mawili. Wengi wetu tukisikia neno riba tunakimbilia hilo la pili na kuliacha la kwanza lipite. Kwa maoni yangu la kwanza ndilo gumu, na ndilo linalogusa haki za wanyonge wengi wa mijini. Lakini nitaanza na la pili, kwa kuwa majibu yake yako karibu.

Kwanza tuelezane biashara yenyewe ilivyo. Mwezi Julai 2020, kampuni ya Safaricom ya Kenya kwa kushirikiana na Google ilianzisha mpango ulioitwa Lipa Mdogo Mdogo, ili mwenye kitochi aweze kupata simu janja kwa rejesho lililoanzia shilingi 20 za Kenya kwa siku. Mipango ya namna hiyo imeenea Afrika Mashariki yote. Mingine inaendeshwa na makampuni ya simu yenyewe, na mingine na makampuni ya mikopo yaliyokaa nyuma ya kaunta ya kampuni ya simu. Na wala tusiwabeze wanaojiunga. Simu ya kupangusa kwa mtu wa mjini leo si pambo. Bodaboda anaitwa na abiria kwa simu, mama muuza vitenge anaonyesha mzigo wake kwa simu, mwanafunzi anatumiwa kazi za shule kwa simu. Anayesema "hao wanapenda makuu" hajatembea mitaani.

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni zangu za kupigia hesabu tu. Simu inauzwa Kariakoo shilingi 250,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa kianzio shilingi 50,000, kisha shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365. Jumla ni shilingi 415,000. Mwenye fedha mkononi ametoa 250,000, asiyekuwa nazo ametoa zaidi kwa shilingi 165,000. Hapo moyo wa mtu unagutuka: je, hii si dhulma kwa maskini? Si ndiyo ile mikopo ya kausha damu kwa jina jingine?

Jibu la wanazuoni walio wengi ni kwamba nyongeza ya bei kwa sababu ya kuchelewesha malipo, peke yake, si riba. Baraza la Fiqh la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwezi Machi 1990 na likaamua hivyo. Kuuza kwa mafungu si jambo geni katika Uislamu. Bibi Barira (ra) alijinunulia uhuru wake kwa makubaliano ya kulipa uqiya tisa, uqiya moja kila mwaka, na habari yake imo katika Bukhari na Muslim. Lakini Baraza hilo liliweka masharti. Bei itajwe na pande zote mbili zikubaliane kabla ya kuachana: ama taslimu, ama mkopo, na bei ya mwisho ni hii. Mnunuzi akichelewa, haijuzu kumwongezea hata senti moja, kwani hiyo ndiyo riba ya zama za ujahilia, ya ama ulipe ama deni likue.

Sasa chukua karatasi yako uisome. Matangazo mengi yanataja rejesho la siku na kianzio, jumla yanakuachia uipige mwenyewe. Elfu moja kwa siku ni chai na chapati, nani ataikataa? Laki nne na kumi na tano elfu ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Fedha ni ile ile, ila imekatwakatwa hadi isionekane. Muuzaji Mwislamu asingoje kuulizwa jumla, aitaje.

Pia uliza ni nani anayekudai. Kama kampuni imeimiliki simu, kisha ikakuuzia kwa bei ya mafungu, hiyo ni biashara. Kama kampuni nyingine imelipa dukani kwa niaba yako, na wewe sasa unadaiwa fedha pamoja na nyongeza yake, huo ni mkopo wa fedha, hata ukiitwa jina gani. Simu ni ile ile, duka ni lile lile, hukumu mbili mbalimbali. Ndiyo maana aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, imeshughulika na kuandikiana deni. Na humo mna jambo ambalo tunalipita haraka: anayeamrishwa atamke kinachoandikwa ni yule mwenye kudaiwa, na kama hawezi, atamke msimamizi wake kwa uadilifu. Maneno ya mkataba yatoke kinywani mwa aliye mnyonge. Leo mambo yamepinduka. Mdai ameandika kurasa kumi na tano, mara nyingi kwa Kiingereza, na mdaiwa kazi yake ni kubonyeza "nakubali" huku kijana wa dukani akimhimiza kwamba foleni ni ndefu.

Tuje kwenye swali la kwanza, simu ni ya nani.

Ndani ya simu hizi imepandwa programu ambayo mnunuzi hawezi kuitoa, hata akiifuta simu na kuirudisha katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Programu hiyo inawasiliana na mitambo ya muuzaji. Rejesho lisipoingia, kioo kinafungwa na kubaki na ujumbe wa kukutaka ulipe. Kisheria, kwa uamuzi ule ule wa 1990, muuzaji hana haki ya kubaki na milki ya kitu baada ya kukiuza, ila anaweza kushurutisha kiwe rehani mpaka alipwe. Basi nilimjibu yule kijana kwamba simu ni yake, na imewekwa rehani. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi, kwa sababu rehani hii haifanani na rehani tuliyosomeshwa.

Mtume (saw) alinunua chakula kwa Myahudi kwa deni, akaweka rehani deraya yake. Deraya ikakaa kwa mdai, chakula kikaliwa nyumbani. Hakuna aliyekizuia chakula. Katika simu ya mkopo, kilichonunuliwa na kilichowekwa rehani ni kitu kimoja, kiko mfukoni mwa mdaiwa, na ufunguo uko kwa mdai. Rehani lengo lake ni kwamba deni likishindikana, kitu kiuzwe, mdai achukue haki yake, na kinachobaki arudishiwe mwenyewe. Kuifunga simu hakumwingizii mdai shilingi. Kunamfungia mdaiwa mlango ambao angeutumia kutafuta hiyo shilingi. Bodaboda asiyepigiwa simu na wateja wake atalipa kwa kipi?

Katika aya ya 280 ya sura hiyo hiyo tumeamrishwa kumpa muhula mwenye dhiki mpaka apate wepesi. Na Mtume (saw) amebainisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Kwa hiyo sheria inawatenganisha watu wawili: aliyenacho akazuia, na asiyenacho. Huyu wa pili pengine pikipiki imelala gereji, au mtoto kalazwa. Programu inawafunga wote saa ile ile. Wako wanaosema kwamba kampuni ina wateja malaki, haiwezi kumsikiliza kila mmoja. Hoja hii siikubali. Kampuni iliyoweza kujua kwamba fulani hajalipa elfu moja ya jana inaweza pia kuweka namba ya kupiga kuomba siku saba.

Kuna jambo jingine ambalo sioni likisemwa. Kilichouzwa ni simu. Majina ya wateja, picha za marehemu mama, kumbukumbu za madeni ya dukani, hivyo havikuuzwa na kampuni na havikuwekwa rehani na yeyote. Vimeingia humo baadaye kwa jasho la mwenyewe. Kampuni inapofunga kioo inazuia simu yake ya rehani na mali isiyokuwa ya rehani kwa pamoja. Ni mfano wa mwenye nyumba aliyefunga mlango kwa kodi, ndani mkiwa na cherehani ya mpangaji na vitambaa vya watu. Mimi naliona jambo hili liko karibu na ghasbu, na ningependa masheikh wetu walitazame.

Na simu ikichukuliwa kabisa je? Kijana amekwisha kulipa 300,000 katika zile 415,000, akakwama, simu ikarudi dukani. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba rehani haigeuki kuwa mali ya mdai kwa sababu tu muda umepita. Simu iuzwe, kampuni ijitoe deni lililobaki, chenji irudi kwa kijana. Mkataba unaosema "umepoteza vyote" unachukua vyote viwili, bei na kitu.

Wenye ndugu Ulaya na Marekani wanalijua suala hili kwa sura nyingine. Ni wangapi wameletewa simu nzuri na shemeji aliyeko ng'ambo, wakaweka laini ya hapa, simu ikagoma? Ilikuwa imefungwa kwa kampuni moja. Huko kwa miaka mingi ukichukua simu kwa kampuni ya mtandao ulifungwa mkataba wa miaka miwili, bei ya simu ikachanganywa na bei ya huduma katika ankara moja ya mwezi, usijue kipi ni kipi. Miaka miwili ikiisha na simu umekwisha kuilipa, ankara ikaendelea vile vile. T-Mobile ya Marekani ilivitenganisha viwili hivyo mwezi Machi 2013, na likawa tangazo kubwa la biashara. Mwaka huo huo ilikuwa kosa Marekani kuifungua simu mpya bila idhini ya kampuni, mpaka sheria ikabadilishwa Agosti 2014. Uingereza, mamlaka ya mawasiliano yaani Ofcom iliyalazimisha makampuni kuanzia Februari 2020 kumjulisha mteja kwamba mkataba wake unakaribia mwisho, na kuanzia Desemba 2021 ikapiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kwa mtandao mmoja. Hao hawakuongozwa na vitabu vya fiqh. Waliona tu kwamba bei isiyojulikana, ambayo sisi tunaiita gharari, na milki nusunusu vinamuumiza mnunuzi. Sisi tuliosomeshwa mambo hayo tangu madrasa tumenyamaza.

Haki haina upande mmoja. Wapo vijana wanaochukua simu kwa kianzio, wakatembea nayo wiki mbili, kisha wakaipeleka kwa fundi aitoe ile programu, na rejesho likaishia hapo. Wengine wanajisifu nayo vijiweni. Huo ni wizi, na kuilalamikia kampuni hakuufanyi uwe halali. Mtume (saw) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya swala, na aliwahi kusita kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (ra) alipolibeba. Fundi anayejua kwamba simu haijalipwa na akaifungua naye ana sehemu yake.

Basi ni lipi bora, taslimu au mkopo? Kwa mwenye kuweza kusubiri, taslimu, na sababu yangu ni ya hesabu kabla ya kuwa ya fatwa. Rudi kwenye mfano wetu. Mwenye 50,000 ya kianzio, akaweka elfu moja ile ile kila siku nyumbani, siku ya 200 ana 250,000 kamili. Yule wa mkopo siku hiyo bado ana siku 165 mbele yake. Najua ugumu ulipo: elfu moja inayokaa nyumbani inapata mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Asiyedaiwa hana anayemkumbusha, na wengi wetu hatuweki mpaka tukumbushwe.

Kwa ajili hiyo napenda walivyofanya kina mama wa mtaani kwetu. Wameunda mchezo wa kupeana wa watu kumi, jambo ambalo wanazuoni wengi wa zama hizi wamelijuzisha. Kila mmoja anatoa elfu moja kwa siku, kijumbe anapita jioni kukusanya. Kila siku 28 zinapatikana shilingi 280,000, mmoja anakwenda dukani, ananunua simu taslimu na chenji ya 30,000 inabaki mkononi. Hata wa kumi, aliyesubiri kuliko wote, anapata simu yake siku ya 280, na haina programu ya mtu ndani. Ugomvi pekee niliousikia mpaka sasa ni wa nani aanze, nao waliumaliza kwa kupiga kura.