Macho Makubwa ya Link

Nilikuwa kidato cha pili binamu yetu alipokuja likizo kutoka Uingereza na GameCube ya mtumba, ile ya rangi ya zambarau yenye mpini nyuma kama kikapu. Ilikuwa na diski mbili. Moja ya mpira, nyingine The Legend of Zelda: The Wind Waker. Mimi nilichukua ya mpira. Mdogo wangu, wakati huo yupo darasa la nne, alichukua Zelda, na kila nilipopita sebuleni nilimuuliza kama bado hajamaliza kuangalia katuni zake.

Kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu tulilipa kwa dakika ili tucheze PlayStation 2, na pale heshima ilipatikana kwa mpira, ngumi na bunduki. Shujaa wa kule alikuwa na ndevu na kovu. Link wa Wind Waker ana kichwa kikubwa kama nazi, miguu mifupi, na macho kama visahani. Kama mwenzangu yeyote wa kibandani angenikuta nimeshika pedi mbele ya kijana yule, ningejitetea kwamba namsaidia mdogo wangu kuvuka mahali pagumu.

Mdogo wangu akaanza kumchora. Alimchora kwenye kurasa za nyuma za daftari la Sayansi: Link, dada yake Link, mashua nyekundu yenye kichwa cha simba inayozungumza. Siku moja nikalifungua daftari lile mbele ya wageni, nikamuuliza atajifunza lini kuchora watu wa kweli. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Daftari la muhula uliofuata halikuwa na picha hata moja.

Sikujua kwamba ugomvi huo ulikuwa umeshapiganwa na watu wazima, tena kwa maneno makali kuliko yangu. Mwezi Agosti 2000, kwenye maonyesho yake ya Space World huko Japani, Nintendo ilionyesha kipande kifupi cha video: Link mtu mzima akipigana kwa upanga na Ganondorf, adui yake wa siku zote, miili yao ikionekana ya nyama na chuma. Lengo lilikuwa kuonyesha nguvu za mashine mpya. Mashabiki walichokiona ni gemu inayokuja. Wakangoja mwaka mzima, na Agosti 2001, kwenye maonyesho yaleyale, wakaonyeshwa kijana mwenye macho ya visahani anayenyatia walinzi kwa vidole vya miguu.

Wengi walihisi wametapeliwa. Mfululizo huu ulianza mwaka 1986, na waliokuwa watoto wakati huo sasa walikuwa na kazi na watoto wao wenyewe. Walitaka Zelda ikue nao. Badala yake, kwa maoni yao, ilikuwa imerudi chekechea. Kwa Kiingereza waliipachika jina la kejeli, Celda, kutokana na jina la mbinu ile ya uchoraji.

Mbinu yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu waliokuwa wakiicheka hawakuiangalia, mimi nikiwa wa kwanza. Katika gemu nyingi za wakati ule kompyuta ilijaribu kuyeyusha mwanga ndani ya kivuli polepole, kama ilivyo kwenye ngozi halisi. Hapa mwanga na kivuli vinakutana kwenye mpaka mkali, kama karatasi mbili za rangi zilizobandikwa. Moshi wa bomu unajikunja kama gamba la konokono. Upepo, ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona, unachorwa kwa mistari myeupe inayopita angani, na katika gemu ya baharini ambapo kila safari inategemea upepo unavuma wapi, hilo ni jambo kubwa. Na yale macho yana kazi. Link akiingia chumbani, macho yake yanageukia chenye maana: mwenge usiowaka, mlango uliojificha, adui aliye juu ya boriti. Mchezaji makini anamfuata macho kama unavyomfuata mwenyeji unapokuwa mgeni mjini.

Uso mkubwa ulio rahisi pia unabeba hisia ambazo uso wa kihalisi wa mwaka 2002 usingeziweza. Mwanzoni kabisa dada yake Link anachukuliwa na ndege mkubwa, na kijana anakimbia hadi ukingoni mwa jabali bila kujali kwamba jabali limekwisha. Hasemi neno, kwa kuwa Link hasemi. Uso wake unatosha.

Soko nalo lilitoa hukumu yake. Wind Waker iliuza nakala zaidi ya milioni 4, idadi ambayo kampuni nyingi zingeiota, lakini iliyobaki nyuma ya Ocarina of Time ya mwaka 1998. Mwaka 2004 huko Los Angeles, trela la Zelda iliyofuata lilimwonyesha Link mtu mzima akiwa juu ya farasi, rangi za kijivu na kahawia, na ukumbi mzima ukapiga kelele za furaha. Hiyo ndiyo Twilight Princess, iliyotoka 2006 na kuuza zaidi ya milioni 8. Mwaka 2007 Eiji Aonuma, aliyeongoza utengenezaji wa Wind Waker, alieleza mbele ya wenzake wa fani kwamba mtindo ule wa katuni uliwafanya Wamarekani wengi waamini gemu ni ya watoto wadogo, na hivyo vijana wakubwa wakaikimbia.

Ninajiuliza kama kuna kosa lolote la kimaadili katika haya yote, au ni suala la ladha tu. Mtu asiyependa dagaa hana dhambi. Waliosikitika mwaka 2001 walikuwa na haki ya kusikitika. Walionyeshwa kitu, wakapewa kingine, na hata kama hakuna aliyewaahidi, matumaini hayasomi mkataba. Sitaki pia kuwalaumu watengenezaji kwa kugeuka. Twilight Princess ni gemu nzuri, na msanii ana kodi ya nyumba kama wengine.

Lakini anayekataa dagaa anazungumzia ulimi wake. Sisi tuliosema "ya kitoto" tulikuwa tunawasema watu wengine. Maana yake ilikuwa: anayeipenda hajakua, na mimi nimekua, shuhudieni. Sikuwahi kusema kwamba Wind Waker ni mbaya kwa macho yangu. Nisingeweza, maana sikuiangalia zaidi ya dakika tano. Nilikuwa naangalia nani ananiangalia. Aibu ya namna hiyo haina uhusiano na sanaa, na inahitaji mtu wa kutwishwa. Kwa kawaida huwa ni aliye mdogo kuliko wewe.

Ajabu ni kwamba tulitoka katika nyumba ambayo katuni ilikuwa mambo ya wakubwa. Baba alifungua gazeti akaanza na katuni ya Kipanya kabla ya kichwa cha habari. Katuni za Gado zilikuwa zikiwapa viongozi mapua na matumbo ambayo picha ya kawaida isingethubutu kuyapa, na hakuna aliyesema ni za watoto. Tulijua vizuri kwamba mchoro uliotiwa chumvi unaweza kusema ukweli zaidi ya kamera. Tulisahau tulipowasha runinga.

Siku hizi utetezi wa kawaida wa Wind Waker ni kwamba haijazeeka. Ni kweli. Toleo jipya la mwaka 2013 lilihitaji marekebisho machache kuliko ungetarajia, wakati uhalisi wa Twilight Princess unaonekana wa zamani, kwa sababu uhalisi hushindana na mashine ya mwaka ujao na mchoro haushindani na yeyote. Breath of the Wild ya 2017, iliyopendwa na mamilioni, imerudi kwenye kivuli chenye mpaka mkali bila mtu kuandamana. Hata hivyo utetezi huu unanikera kidogo. Mtoto aliyeipenda gemu ile siku ya kwanza hakuwa anasubiri miaka kumi ili athibitishwe. Alikuwa sahihi Jumamosi ileile, sebuleni, huku kaka yake akimcheka.

Mwaka jana nilipata Wii U ya mtumba na toleo hilo la 2013, nikaicheza usiku, taratibu, kama mtu anayelipa deni kwa senti. Nilikuta gemu niliyoiita ya chekechea inahusu wazee wasioweza kuachilia. Chini ya bahari kuna ufalme wa kale uliosimamishwa wakati, na watu wawili wanaoutaka: mfalme wake wa zamani, na Ganondorf, ambaye karibu na mwisho anaeleza kwa utulivu kwamba alikotoka upepo ulileta kifo tu, naye akautamani upepo wa nchi ya wenzake. Nilishusha pedi. Adui wa katuni alikuwa ananieleza wivu kwa namna inayoumiza kuliko yule wa nyama na chuma wa video ya mwaka 2000 angeweza. Mwishoni mfalme anaomba ufalme wake uzamishwe moja kwa moja ili vijana wakatafute nchi yao, na yeye anabaki chini na maji. Sidai kwamba watengenezaji waliwalenga mashabiki waliotaka Zelda ya zamani. Mimi nilijiona mle ndani, inanitosha.

Nilimpigia mdogo wangu picha ya skrini ikionyesha mashua nyekundu, nikamtumia. Yeye sasa ni mhasibu, ana mtoto wa miaka mitatu. Nilikuwa nimeandika ujumbe mrefu kuhusu daftari la Sayansi, nikaufuta, nikaandika mfupi, nikautuma. Alikaa kimya karibu saa nzima.

"Daftari gani, kaka?" akajibu. Kisha, kabla sijajua niandike nini: "Umeshamrudia bibi yake kisiwani?"

Nikamwambia bado, niko mbali, naelekea kwenye mnara.

"Mrudie kwanza. Anaumwa tangu Link aondoke, na gemu haitakwambia. Tia kichimbakazi kwenye chupa umpelekee."

Nikageuza upepo, nikarudi.