Mgongo wa Mchukuzi, Mgongo wa Mbwa

Ukisimulia katika soko la Konyo Konyo, Juba, kwamba kuna nchi ambako mbwa mwenye maumivu ya mgongo hulazwa juu ya blanketi, akachomwa sindano nyembamba za Kichina, na mwenye mbwa akalipa bila kunung'unika, utachekwa. Sioni ubaya katika kicheko hicho. Anayecheka huenda ametoka kushusha magunia ya unga kwenye lori lililokuja kwa barabara ya Nimule, kilomita 192 kutoka mpaka wa Uganda, na mgongo wake mwenyewe haujawahi kuguswa na daktari. Kicheko chake ni hoja: wanaosubiri ni wengi, na mbwa hawezi kumtangulia mtu.

Hoja hiyo naiheshimu, kwa hiyo sitaijibu mbiombio. Tuanze na tiba yenyewe.

Wachina walianza na farasi. Kitabu chao mashuhuri cha tiba ya mnyama huyo, kilichoandikwa na ndugu wawili wa ukoo wa Yu, ni cha mwaka 1608, na huruma haikuwa na kazi kubwa hapo: farasi alibeba askari, na farasi akichechemea jeshi nalo linachechemea. Mbwa alifikiriwa baadaye sana. Chama cha kimataifa cha madaktari wa mifugo wanaotumia akupancha, yaani tiba hiyo ya sindano, kiliundwa mwaka 1974, na mgonjwa wao wa kila siku ni mbwa wa aina ya dachshund, mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, ambaye diski za uti wa mgongo hutokeza na kubana neva. Sindano huachwa mwilini kwa dakika 10 hadi 30, wakati mwingine zikipitishiwa umeme hafifu. Neva zikichokozwa, mwili hutoa dawa zake wenyewe za kutuliza maumivu. Mbwa wengi husinzia papo hapo.

Inaponya? Mwaka 2010 watafiti wa Brazil walichapisha habari za mbwa 40 waliokuwa na diski zilizotokeza na miguu iliyopooza. Kati ya 19 waliotibiwa kwa sindano zenye umeme, 15 walipata nafuu ya kuridhisha. Kati ya 10 waliopasuliwa tu, ni 4. Mtu akisikia hivyo hukimbilia kuamini. Lakini mbwa 40 ni wachache mno, na miaka minne kabla ya hapo wataalamu waliokusanya tafiti zote walizoweza kuzipata juu ya akupancha kwa wanyama wa kufugwa walisema hawaoni ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza, wala wa kuikataa.

Watetezi wana jibu ambalo kwa muda mrefu liliniridhisha: mbwa hana imani. Mtu aliyechomwa sindano anaweza kupona kwa kutumaini, ilhali mbwa hajui kama yuko kwa daktari au kwa kinyozi. Akiinuka akatembea, basi ametembea.

Mwaka 2012 jibu hilo lilitikiswa huko Marekani. Walichukuliwa mbwa 58 wenye ugonjwa wa viungo ambao, bila wenye mbwa kujua, hawakupewa dawa yoyote yenye nguvu. Wakapitishwa juu ya sahani inayopima uzito ambao kila mguu unaukanyagia chini. Sahani ilisema hakuna kilichobadilika. Wenye mbwa wengi walisema mbwa wao anaendelea vizuri, na madaktari waliowachunguza mbwa hao hawakuwa bora sana kuliko wao. Imani ilikuwapo chumbani muda wote, ila haikuwa ya mbwa.

Utafiti huu naupenda kuliko ule wa sindano, kwa kuwa unatuhusu sisi. Waliodanganyika hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wanaompenda mnyama wao, wamelipa, wamesubiri, na mapenzi yao yakatoa ushahidi wa uongo bila kukusudia. Hata hivyo, ondoa mapenzi hayo uone kinachobaki. Mbwa koko akichechemea Konyo Konyo kati ya mafungu ya bamia na meza za nguo za mitumba, hakuna anayekumbuka kama jana alichechemea mguu huu au ule. Huyo hakuna wa kujidanganya juu yake, kwa sababu hakuna anayemtazama. Tiba yoyote ya kiumbe kisichosema inahitaji mtu atakayeona tofauti ya jana na leo, kisha awe tayari kukiri kwamba tofauti hiyo haipo.

Na si mbwa peke yake. China imekuwa ikituma Juba timu za madaktari kutoka jimbo la Anhui, na sindano hizi zimewafikia wagonjwa wa Hospitali ya Kufundishia ya Juba. Mchukuzi akifika hapo hueleza mgongo wake kwa Kiarabu cha Juba, maneno yakapita katika Kiingereza, ndipo yaingie katika Kichina. Naona maumivu yake yakimfikia daktari yamepukutika njiani, na daktari mwenye busara atarudi kutazama tu: anavyoketi, anavyoinuka, anavyogeuka kuchukua fulana yake. Kufikia hapo umbali kati ya mgonjwa huyu na mbwa ni mfupi kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwa hiyo nina shaka na ile hoja ya kutangulia. Inadhani huruma ni unga wa msaada, ukimpimia huyu umempunja yule. Gulu, upande wa pili wa mpaka, kuna ushahidi tofauti. Francis Okello Oloya, mwanasaikolojia aliyepofushwa na bomu utotoni, alianzisha huko mradi wa kuwakutanisha manusura wa vita na mbwa waliookotwa. Mbwa hutibiwa na kuchanjwa kwanza, kisha mtu hujifunza kumlea, na wengine waliokuwa hawalali usiku wamesema sasa wanalala. Ni mradi unaotibu wanyama, na waliopona ndani yake si wanyama pekee.

Juu ya mbwa, sisi wa Pwani tuna fundo letu zaidi. Tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi tulifundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Walimu hao hao walitusimulia juu ya mtu aliyeshuka kisimani, akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu, akasamehewa dhambi zake. Sikuwahi kuona mafundisho hayo mawili yakigongana. Hukulazimika kumkumbatia mbwa ili umpe maji.

Ndiyo maana, kama ningeulizwa sindano ipi ianze Konyo Konyo, ningetaja chanjo ya kichaa cha mbwa. Akupancha inamtaka mbwa apendwe na mtu fulani. Chanjo inataka afikiwe tu. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita, na watoto, ambao ndio huumwa zaidi, hupona kabla ya kuugua. Pemba walifanya hivyo, na kichaa kiliporudishwa kisiwani walikifukuza tena.

Kazi ngumu ni kumshika mbwa. Katika vijiji vya Serengeti chanjo zilipoanza, ilidhaniwa mbwa wengi hawana mwenyewe. Wakaletwa na watoto, wamefungwa kamba shingoni. Konyo Konyo hakuna mtoto atakayekuja na kamba, lakini kuna wauza nyama wanaowatupia mifupa kila jioni. Mtu wa chanjo aanze kwao. Wao ndio wanaojua yupi anauma na yupi anabweka tu, na sidhani kama mbwa hao watakubali mkono mwingine uwakamate.