Kumsomesha Mtoto Mzito wa Kujifunza

Wako wazazi waulizao: mtoto aliyezaliwa na hali ya Down, kumsomesha kwafaa nini? Sisi twaona swali lenyewe limekwenda kombo. Aulizaye hivyo amemgeuza mwanawe bidhaa, ataka kuijua faida kabla ya kutoa mtaji. Wala haulizi hivyo juu ya ndugu zake wepesi, ambao baadhi yao husoma miaka mingi wasifae kitu!

Hali hii si laana, wala si kosa la mama. Mwaka 1959, huko Paris, Jérôme Lejeune na wenziwe walitangaza kuwa watoto hawa wana kromosomu 47 badala ya 46. Iliyozidi ni ya namba 21. Hujifunza polepole, lakini hujifunza. Wengi hushika zaidi wakionacho kuliko wakisikiacho, na wengi masikio yao ni mazito. Basi mwalimu asemaye tu pasina picha, kisha akamwita mtoto mjinga, mjinga ni nani hapo?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Haikusema kila mtoto mwepesi. Lakini sheria haimtoi mtoto chumba alimofichwa. Ufunguo anao mzazi. Na ampeleke kupimwa masikio kwanza, kisha shuleni.